Saa ya Kompyuta ya Baba

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Mwamgongo, na vitu vikikaa ovyo hunikera kuliko njaa. Ndiyo maana baba yangu, fundi cherehani aliyestaafu, alipoanza kuandika habari za maisha yake kwa vidole viwili kwenye kompyuta ya mezani ya mtumba, nyumbani kwake Ujiji, niliamua kazi ile nitaisimamia mimi. Kila Jumamosi nilishuka Ujiji kwa boti, nikanakili alichoandika kwenye flashi, nikarudi nacho Mwamgongo kukisafisha kwenye laptopu yangu. Wiki iliyofuata nilimrudishia.

Miezi miwili haikwisha tukawa na faili liitwalo MAISHA, lingine MAISHA MWISHO, na lingine MAISHA MWISHO KABISA, na hakuna kati yetu aliyejua lipi ni lipi. Nikatafuta programu ya kulinganisha mafaili. Ukichomeka flashi, yenyewe inaangalia tarehe na saa ya kila faili. Lililohifadhiwa karibuni linabaki, la zamani linafutwa, na kompyuta zote mbili zinakuwa na kitu kimoja. Kulikuwa na sehemu ya kuchagua kama iulize kwanza kabla ya kufuta. Nikachagua isiulize. Nani ana muda wa kuulizwaulizwa na mashine.

Kulikuwa na jambo moja nililolisubiri katika maandishi yale, wala sikuwahi kulitamka. Nilipokuwa na miaka sita baba alivuka ziwa kwenda kushona Kongo, akakaa miaka mitatu. Sisi tuliambiwa njia zimefungwa. Mama alituvusha miaka hiyo kwa kuuza mawese, na mpaka anafariki hakulizungumzia. Baba aliandika utoto wake, cherehani yake ya kwanza, harusi yake. Alipofika kwenye safari ile akairuka, akaenda moja kwa moja kwenye kujenga nyumba. Nilikasirika, lakini baba yako huwezi kumwekea alama nyekundu.

Jumamosi moja niliamka mapema, nikalipitia faili kabla ya boti, nikaongeza mikato miwili mitatu, nikahifadhi. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika kumi alfajiri. Mchana nilikuwa Ujiji.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama." Alikuwa amekwisha vaa kanzu, ingawa alasiri ilikuwa bado. "Leo usome mpaka mwisho. Mimi natangulia msikitini."

Akatoka. Nikachomeka flashi, programu ikafanya kazi yake, nikasoma mpaka mwisho. Hapakuwa na jipya lolote. Nikasema moyoni, wiki hii mzee kajipumzisha.

Hakurudi mpaka baada ya magharibi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Umesoma?"

"Nimesoma mpaka mwisho, Baba. Nimerekebisha mikato tu."

"Mikato," akasema. Akaingia chumbani kulala, chakula hakukigusa.

Tangu siku hiyo hakuandika tena. Aliifunika kompyuta kwa kitambaa cha meza, salamu zangu akawa anaziitikia kama za mpita njia. Mimi nilimwona ni mtu mzima aliyesusa kwa kuwa kasahihishwa, na kwa tabia yangu, nami nikasusa. Karibu mwezi mzima tulikaa hivyo, kila mmoja akiamini yeye ndiye aliyekosewa.

Mwishowe nilikwenda nikafunua kile kitambaa, angalau nichukue nakala ya mafaili yake kabla vumbi halijaimaliza ile mashine. Adhana ya adhuhuri ilikuwa inasikika. Kwenye kona ya kioo saa ilisomeka 7:00.

"Baba, saa ya kompyuta yako imeharibika."

"Sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa saba."

"Na yenyewe imeandika ngapi?"

Saa ile baba aliirekebisha mwenyewe siku ile ile aliyoinunua kompyuta. Hakuona sababu ya mashine iliyo sebuleni kwake kumwambia 1:00 wakati Ujiji nzima ni saa saba. Haikuwa na intaneti ya kumbishia.

Sikuhitaji karatasi, kwa sababu hesabu ile ya saa naifundisha darasa la pili. Kila alichoandika baba kilikuwa nyuma kwa saa sita. Wiki zote zile haikudhuru, maana kati ya maandishi yake na yangu zilipita siku kadhaa.

"Ile Jumamosi uliandika?"

"Asubuhi. Nilimaliza saa nne."

Kompyuta yake iliandika 4:00. Yangu, alfajiri ile, iliandika 5:50. Kwa programu yangu isiyouliza, mikato yangu ndiyo ilikuwa mipya, na maandishi yake yakafutwa kama ya zamani.

Nilimweleza, na nilimweleza vibaya, nikirudi nyuma na kuanza tena. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo hukuisoma."

"Sikuisoma, Baba. Sikuona hata neno moja."

Akakaa kitini. Akasema mwezi mzima alikuwa anaamini kwamba niliisoma, na kwamba lile la mikato ndilo lilikuwa jibu langu. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Nikamwomba basi anisimulie kwa mdomo.

"Kwa mdomo ningeweza, ningemwambia mama yako."

Nikatoka uani, nikakaa jikoni na sufuria ambalo halikuhitaji kuoshwa. Nilimsikia akiandika, akiacha, akiandika tena. Kisha akaniita.

"Njoo usome. Leo siendi popote."

Mara ya kwanza, aliniambia, zilikuwa kurasa mbili. Sasa ilikuwa mistari minne: Njia hazikufungwa. Boti zilikuwa zinakuja kila wiki. Sikutaka kurudi. Mwanangu, naomba radhi.

Nilisoma, nikasoma tena. Alikuwa ananitazama, mikono magotini. Kumwambia nimekusamehe ingekuwa rahisi, naye angelala usingizi. Lakini nilimwona mama na ndoo yake ya mawese kichwani, miaka mitatu, na neno lile halikutoka.

"Nimesoma, Baba," nikamwambia. "Yote." Siku ile sikuwa na zaidi ya hilo.

Akaitikia kwa kichwa, polepole, akakisogeza kiti chake ili nifikie mashine.

"Basi ihifadhi," akasema. "Kwangu na kwako."