Kopa Lililoziba Waya

Asubuhi hiyo keshia wa duka la mikate alikuwa na furaha ya kuchezesha miguu chini ya kaunta. Programu aliyoiandika mwenyewe ilikuwa inaanza kazi. Akichapa oda dukani, inapita wayani na kutokea kwenye skrini ya chumba cha tanuri, ng'ambo ya ua, kwa mwokaji, mume wake waliyeoana juzijuzi tu.

Kabla ya hapo kazi hiyo ilifanywa na koo la shangazi yake keshia, mwenye duka, akipaza sauti hadi ng'ambo ya ua.

"Nakupa mpaka saa nne," shangazi alimwambia. "Ikigoma, waya naanikia nguo, na mambo ya kompyuta humu ndiyo basi."

Wayani maneno huteremka mfululizo, kama donge lililosokotwa refu bila alama ya kukatia. Kwa hiyo kila oda aliitangulizia namba ya herufi zake: soma idadi hii, kata hapo. Inayofuata nayo, namba yake kwanza.

Oda za mwanzo zilipita kama maji. Furaha ikampanda kichwani. Mwishoni mwa oda ya keki ya ndizi akambandikia mume wake kopa jekundu la mapenzi. Akatuma, akatuma na iliyofuata.



Mume akachungulia dirishani, uso unga mtupu. "Mke wangu, imeganda! Inasema inasubiri oda ya herufi milioni na ushee!"

"Milioni?" shangazi akadakia. "Nani huyo, anaozesha watoto wangapi?"

Wateja wakaangua kicheko. Keshia akageukia dirisha. "Ile ya keki ilifikaje?"

"Salama, ila mwishoni ina alama ya kuuliza."

"Mungu wangu, kopa!"

"Kopa gani?" shangazi akauliza.

Vidole vya keshia vilikuwa vinakimbia. Programu ilihesabu kopa kama herufi moja, kumbe wayani kopa husafiri likiwa vipande kadhaa. Mashine ya tanuri ilisoma kipande kimoja, ikakata. Vilivyobaki ikavidhani ni namba ya oda iliyofuata, ndiyo hiyo milioni. Akabadilisha: oda igeuzwe vipande kwanza, kisha vihesabiwe vipande, si herufi. Akakata mawasiliano, akaunganisha upya.

Mwenye busara angeliondoa lile kopa. Yeye aliongeza la pili, akatuma oda zote mbili huku amefumba macho.

"Zimefika!" mume akapiga kelele. "Na makopa yote mawili!"

Duka zima likapiga makofi. Shangazi akaitupia jicho saa ya ukutani, saa nne bado, akamsukuma keshia kwa nyonga, akakalia kiti chake na kuanza kudonoa kwa kidole kimoja: *Acheni upuuzi. Mikate ya maziwa ishirini.*

Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Hilo kopa linabonyezwa wapi?"

"Shangazi! Unamtumia mume wangu?"

"Mume wako ana nini? Hili ni la mikate."