Blanketi la Sanduku la Bati

Mama mkwe wangu alikuwa amelitunza blanketi lile tangu alipomzaa mume wangu. Lilikaa kwenye sanduku la bati kule Morotonga, limezungukwa na vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo alivyozoea kununua Sirari. Nilipojifungua, alikuja nalo kwa basi hadi kwetu Tarime, akakataza katakata lisifuliwe. Mtoto wa kwanza wa mwanawe lazima apokelewe na harufu ya nyumbani, alisema. Mimi ni mtu wa maneno, lakini siku ile nililipokea, nikamfunika nalo mtoto.

Siku ya tatu macho ya mwanangu yakawa ya manjano. Siku ya nne akaacha kunyonya. Hospitalini walimlaza chini ya taa ya bluu, wakamwongezea damu, na daktari akaniuliza mara tatu nimempa dawa gani. Nilimjibu kwa ukali kwamba sijampa hata maji. Ukali wenyewe ulikuwa woga mtupu.

Kisha daktari akaokota blanketi kitandani, akalinusa.

Majibu ya kipimo yalipotoka alinieleza taratibu. Mtoto alikuwa na upungufu wa kimeng'enya kinachozikinga chembe za damu zisiunguzwe na sumu kama ya vidonge vile. Hata chembe nyeupe, askari wa mwili, hukihitaji ili silaha zao zisiwadhuru wenyewe. Wengi wanaishi na upungufu huo bila kujua. Blanketi liondoke, na dawa yoyote tuulize kwanza.

"Mtoto wa kiume huurithi kwa mama yake," akaongeza.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye benchi nje tangu asubuhi, khanga kichwani, hataki chai. Alikwisha kusikia habari ya blanketi. Nakiri nilitamani nimwachie mzigo ule peke yake, maana nilikuwa bado na hasira naye. Lakini mchana mtoto akatafuta ziwa, akalishika, akanyonya mpaka akasinzia. Hasira ikaniisha. Nikatoka.

"Mama, ugonjwa ameutoa kwangu. Vidonge vimeuamsha tu. Na sasa ananyonya."

"Ananyonya?"

Nikaanza kumweleza tena habari ya kimeng'enya. Akanishika mkono.

"Mwanangu, hayo utaniambia kesho. Ananyonya?"

"Ananyonya, mama."

Akaomba chai.