Kwetu Songwa Aliyeachwa Aliambiwa

Enzi zetu pale Songwa hakuna mtoto aliyeachwa kwenye timu kimyakimya. Ulikuwa unaachwa mchana kweupe, mbele ya mama yako, dada zako na mbwa wenu, na ukitaka kujua sababu unaambiwa hapohapo. Nasema haya nikiwa na hasira, na wale tuliokua pamoja mnajua kinachonikera, maana wiki nzima simu zetu zimelia kwa jambo hilihilo: timu ya taifa ya kriketi ya wanawake, ile ya mechi za siku moja, imetangazwa, na Kabula wetu hayumo.

Vijana wa siku hizi wakisikia kriketi na Usukuma wanacheka. Wanadhani mchezo huo tumeuona jana kwenye simu zao. Nakumbuka tulivyojifunza kwenye uzio wa mgodi wa almasi, kila Jumapili, pua zimebanwa kwenye waya, tukiwatazama wahandisi waliovaa nyeupe tupu wakirushiana mpira mwekundu hadi saa ya chai. Sheria hakuna aliyetueleza. Tulizikisia, na zilipotushinda tukatunga zetu. Mpira tuliutengeneza kwa pamba iliyochomolewa kwenye gunia la baba, tukaikaza kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Ubao wa kupigia ulitoka kwenye kitanda kilichovunjika. Ukilalamika kwamba ni mzito, mama yangu alikujibu bila hata kuinua macho kwenye viazi alivyokuwa anavikata na kuvianika, "Mchagua jembe si mkulima." Viazi hivyo vikikauka ndiyo michembe, na michembe ilikuwa chai yetu na chakula chetu cha mchana. Aliyepiga mpira ukaangukia kwenye ua wa minyaa alinyang'anywa fungu lake la michembe, tena baada ya kuingia kuutafuta na kutoka macho yamevimba kwa utomvu.

Timu ilihitajika mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, tulipocheza na watoto wa kambi ya mgodi. Wao walikuwa na viatu. Sisi tulikuwa wengi kupita kiasi, na kila mmoja alitaka kurusha. Kwa hiyo tulichagua kama wakubwa walivyoamua ngoma. Mnazikumbuka ngoma za mashindano: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, hawa huku na wale kule, na watu wanahama wenyewe kwenda wanakovutiwa, penye watu wengi ndipo penye ushindi. Basi na sisi, wawili waliogombea nafasi moja walisimamishwa pande mbili za uwanja, kila mmoja na wiketi zake, vile vijiti vitatu vya kulenga, wakaanza kurusha, na watazamaji wakajichagulia.

Mimi niligombea na Shija, ambaye leo ndiye baba yake Kabula. Nilianza na umati mkubwa. Kidogo kidogo ukapungua. Dada zangu waliondoka wakijifanya wanakwenda kuchota maji, mbwa wetu akawafuata, na mwisho alibaki mama peke yake, mikono kiunoni. Nilipandwa na hasira, nikauliza kwa nini. Kuuliza ilikuwa haki ya aliyeachwa, na kumnyima jibu ilikuwa aibu. Shija mwenyewe alinijibu, "Una nguvu kunizidi, lakini mpira wako ukipigwa mara moja tu unaanza kumlenga mpigaji, wiketi unaisahau." Nikamgeukia mama anitetee. Akasema, "Kweli tupu. Hata nyumbani uko hivyo." Nililia hadi kwetu. Mwaka uliofuata nilirusha kwa utulivu, nikachukuliwa.

Sasa ninyi niambieni. Kabula amekulia palepale, amefundishwa kurusha na baba yake kwenye uwanja wa shule, akaonekana, akaitwa kambini Dar es Salaam. Shija alimsindikiza hadi stendi akiwa amevaa koti lake la harusi. Kwenye mechi za majaribio binti alifanya vizuri. Wanaosema hivyo ni wenzake waliochaguliwa. Siku ya kutangaza, picha ya kikosi ilirushwa kwenye simu, ina bendera na maua, naye akaisoma akiwa kitandani kambini, pembeni ya wanaoshangilia. Akamfuata kiongozi mmoja kuuliza. Akaambiwa uteuzi umezingatia vigezo. Vigezo gani? Vigezo.

Kwenye kundi letu la simu tumegombana. Mwenzetu mmoja, siku hizi ana kitambi na duka la vipuri kule Kambarage mjini, ameandika, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Nilitaka kuitupa simu. Kushindwa tunakukubali, tumelelewa nako. Lakini ameshindwa na nani, na kwa lipi? Kijana wangu naye ananiambia, "Baba, siku hizi wanatumia takwimu." Basi wazilete tuzione. Vijana hawa watakutajia wastani wa mchezaji wa Mumbai ambaye hajawahi kuwasalimia, lakini dada yao akiachwa hawana swali la kuuliza.

Jumamosi nilikwenda Songwa. Nilimkuta Shija uani, amenyong'onyea. "Hajagusa mpira tangu arudi," aliniambia. "Nikimwambia afanye mazoezi, ananiuliza arekebishe nini. Mimi nitamjibu nini?"

Kabula alitoka ndani na kiti. "Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

Nilitaka kumchangamsha. Nikamsimulia jinsi umati ulivyonihama, mbwa akaondoka, na baba yake akanipa ukweli wangu mbele ya kijiji. Nilitia chumvi kwenye habari ya mbwa. Shija alicheka, mimi nikacheka. Kabula hakucheka.

"Alikwambia huku anakutazama usoni?" aliuliza.

"Usoni kabisa."

"Na mama yako naye?"

"Naye."

Alimtazama baba yake, kisha akanitazama mimi.

"Basi nyie mlipendwa," alisema.