Pasi ya Kavata

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo sijapata kuisahau hata nilipotaka: siku lori liliporudi Mjambere likiwa na magunia yetu yaleyale tuliyoyapeleka kiwandani wiki mbili nyuma.

Kabla sijakueleza magunia yalikuwa na nini, nikiri jambo moja. Mzee akianza kusimulia kosa lake hupenda kusema, "Wakati huo nilikuwa kijana." Ningefurahi nami kujificha hapo. Lakini siku hiyo nilikuwa na miaka arobaini na mitano, nina mke, nina binti aitwaye Salma aliyekuwa ndio kwanza anaingia shule ya upili. Ujana niliokuwa nao ulikuwa wa kichwani tu. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikapata alama nzuri ya kemia, na tangu hapo sikuamini kwamba mtu ambaye hakukaa darasani anaweza kunifundisha kitu.

Nilikuwa fundi wa mashine katika yadi ya kina mama hapa Mjambere, Kisauni. Kina mama walikusanya plastiki mitaani, wakaichambua, wakaiosha na kuianika. Mimi niliitia kwenye mashine, ikayeyuka, ikasukumwa na parafujo kubwa iliyo ndani, ikatokea upande wa pili kama kamba laini, nikaikata chembe ndogo ndogo mfano wa mchele. Chembe hizo zilinunuliwa na kiwanda kimoja cha mabeseni upande wa Changamwe. Mwenyekiti wetu alikuwa Bi Halima, mama wa Kimvita aliyekwisha kupita miaka sabini, sauti ya chini, lakini akikuita unasimama kabla hujajua umesimama.

Mchambuzi mkuu alikuwa Kavata, mwanamke aliyekuja pwani kutoka Ukambani akiwa msichana, akabaki. Kavata hakusoma maandishi ya paketi. Alizisikiliza. Aliichukua paketi, akaifinya ngumini karibu na sikio, kisha akafungua vidole. Mfuko wa mkate ulibaki umejikunja, umenyamaza. Paketi ya krisps, vile viazi vikavu vya kukaanga, au ya biskuti ilijifungua yenyewe polepole huku inalia chiri-chiri. "Hii inakataa kunyamaza," angesema, na kuitupa kwenye gunia la peke yake.

Gunia hilo ndilo lililokuwa shida yetu. Paketi za namna hiyo, mwanangu, ukiziona kwa nje ni kitu kimoja, lakini ni vitu vitatu vilivyogandishwa pamoja: juu ngozi yenye rangi na maandishi, katikati utando wa fedha mwembamba kuliko ganda la kitunguu, ndani ngozi nyingine inayoshikilia mdomo wa paketi usifunguke. Huwezi kuvibandua kwa mkono. Na kila kimoja kina moto wake. Cha ndani kinapokuwa maji, cha juu bado kigumu. Ukizidisha moto ili cha juu nacho kiyeyuke, cha ndani kimekwisha kuungua, na ile fedha haiyeyuki kabisa. Basi hakuna aliyezitaka. Magunia yake yalirundikana ukutani, mvua ikija yanapasuka, na zile paketi zinateremka na mtaro mpaka kwenye mikoko ya Junda, zinang'aa kwenye mizizi kama samaki waliokufa.

Nikaona mimi ndiye nitakayewatoa watu katika shida hiyo. Ningekwenda kwa Bi Halima nikamwomba rai, lakini nilitaka sifa kwanza, rai baadaye. Nikaanza kuchota konzi mbili tatu za zile paketi na kuzichanganya na plastiki safi ndani ya mashine, wakati kina mama wako kwenye chakula. Siku ya kwanza chembe zilitoka. Zilikuwa na rangi ya majivu, nikatia rangi nyeusi kidogo. Zikapendeza. Siku ya pili nikaongeza. Nikajiambia, moto ni moto, ukiwa mkali kila kitu kitakuwa sawa.

Ndipo lori likarudi.

Msimamizi wa kiwanda aliteremka na beseni jipya, jeusi, lililotengenezwa kwa chembe zetu. Aliliweka gotini, akalibonyeza kidogo, likapasuka kama kigae.

"Haya ndiyo mliyotuletea," akasema. "Msituletee tena."

Bi Halima akaokota kipande, akakigeuza. Ndani mlikuwa na vidoa vinavyometa. Akanitazama mimi kwanza.

"Baba Salma. Moto wako ulikuwa sawa?"

"Naam, Bi Mkubwa. Ulikuwa sawa."

"Basi kuchambua ndiko kulikoharibika."

Kavata akasimama, mikono bado inachuruzika maji ya sabuni. "Bi Halima, haki ya Mungu, mimi sijaweka hiyo ya kung'aa. Hata moja. Masikio yangu hayajaharibika."

"Sasa imeingiaje? Imetembea?"

Kavata akanigeukia. Hakunishutumu. Alinitazama tu, kama anayengoja mtu amalizie sentensi. Nami, mwanangu, nikainama kukaza parafujo ambayo haikuwa imelegea.

Siku hiyohiyo Kavata aliondolewa kazini. Alikunja leso yake, akachukua kisu chake cha kuchambulia, akatoka langoni bila kuaga.

Ningependa kukwambia nilikosa usingizi. Nililala vizuri kabisa. Kilichoniamsha kilikuja mwezi mmoja baadaye, asubuhi, kwenye hoteli ya maandazi karibu na yadi. Mteja mmoja, mchukuzi, alionja chai yake akamwambia mwenye hoteli, "Chai gani hii? Maziwa nusu, maji ya mtaro nusu! Kazi ya Kikavata hii!" Watu wakacheka. Mwingine akadakia, "Hata na shati langu fundi kanishonea Kikavata, mkono mmoja mrefu!" Kumbe jina la mtu lilikuwa limekwisha kuwa tusi la kazi mbovu kuanzia Mjambere hadi Junda, na yadi zote alizokwenda kuomba kazi zilikuwa zimemkataa kwa jina hilo.

Na mimi nilicheka. Hilo ndilo ninalolijutia zaidi ya mengine yote. Nilicheka na wenzangu, andazi mdomoni.

Nilipofika yadini mashine ikakataa kuzunguka. Nikaifungua. Parafujo nzima ilikuwa imevaa magamba ya fedha, yamegandamana na masizi, tabaka juu ya tabaka. Nilikuwa peke yangu. Ningeweza kuyakwangua nikayatupa, na mpaka leo pasingekuwa na anayejua. Nikayakwangua. Nikashika donge lile mkononi, zito, lingali na uvuguvugu. Nikasikia tena kile kicheko, na changu kikiwamo. Nikalifunga donge katika gazeti, nikaenda nalo kwa Bi Halima.

Aliniacha nimalize yote. Kisha akasema, "La mashine nimekusamehe. Mtu hujaribu, akaharibu. Lakini la kunyamaza si langu mimi kukusamehe, Baba Salma. Lina mwenyewe. Nenda kwake. Na wende mchana, watu wakuone waingia."

"Bi Mkubwa, si ningemwita pembeni..."

"Yeye ulimvunjia heshima pembeni?"

Nikaenda mchana. Kavata alikuwa barazani kwake, anapiga pasi nguo za watu. Ndiyo kazi iliyombakia. Pasi yenyewe ilikuwa ya makaa, ile nzito ya chuma yenye kifuniko. Majirani wawili walikuwa wanasukana upande wa pili wa uchochoro.

"Karibu, Fundi," akasema bila kuinua macho. "Umeleta nguo?"

"Sikuleta nguo. Nimekuja kusema mimi ndiye niliyechanganya zile paketi. Wewe hukukosa kitu."

Akaiweka pasi chini taratibu. "Sema tena. Yule mama wa pale hajasikia."

Nikasema tena.

"Kwa sauti, Fundi. Siku ile pia sauti yako ilikuwa ndogo."

Nikalisema mara ya tatu, kwa sauti, na nywele zikaachwa nusu zimesukwa. Kavata hakulia, wala hakuniambia amenisamehe. Alitaka kusema kitu, lakini mvua ikateremka ghafla kama inavyoteremka kwetu, tukashika nguo za watu tukakimbilia jikoni kwake, kibanda kilichoegemezwa ukutani.

Nikangoja kulowa. Sikulowa. Nikainua kichwa. Paa lote la kile kibanda lilikuwa la paketi: biskuti, krisps, sabuni ya unga, maziwa, zimeshikana zikawa ngozi moja nene, na mvua inateleza juu yake. Hakuna tone hata moja lililopita.

"Umeziyeyusha na nini?" nikauliza.

"Nani amekuambia nimeyeyusha? Nimezipiga pasi." Akanionyesha kwa mikono, kama anayemfundisha mtoto. Unapasua paketi kwenye mshono, unaiosha, unaikausha sana. Unaweka moja hivi, nyingine unaikatisha juu yake, nyingine tena, ndani kwa ndani. Juu gazeti. Kisha pasi, si ya moto sana, ikae, isikimbie. Ngozi ya ndani inalainika na kugandisha zote. Ya juu na ile fedha zinabaki kama zilivyo, na ndizo zinazotia nguvu.

"Wewe ulitaka kuzilazimisha ziwe kitu kimoja," akasema. "Mimi nimeziacha zikae tatu, nikazishikamanisha tu."

Mwanangu, mimi mtu wa kemia nilisimama pale chini ya paa la paketi. Kitu nilichokitafuta kwa hila, mwanamke niliyemharibia jina alikuwa amekwisha kukipata kwa sababu jiko lake lilikuwa linavuja.

Bi Halima alikwenda mwenyewe kumwomba arudi. Kavata akatoa masharti mawili. "Pasi ni yangu, na mimi ndiye nitakayesema moto kiasi gani. Na Fundi atachambua."

Nikachambua mwaka mzima. Nilikaa kwenye kirago pamoja na kina mama, paketi sikioni, nikikosea wananicheka. "Baba Salma, hiyo inakuita, huisikii?" Nikajifunza.

Na pasi tukaikuza. Madereva wa malori wa Miritini wakatupa jeki kubwa iliyokwisha kuchoka, mchomeleaji akatufungia sahani mbili nene za chuma, makaa chini, jeki juu ikibana paketi katikati mpaka ziwe ubao. Usidhani ilikuwa rahisi. Ubao wa kwanza ulijikunja kama jani kavu. Wa pili ulitoa moshi, Kavata akanifokea mbele ya wote na nilistahili. Wa tatu ulivimba malengelenge, maana paketi za maziwa hazikukauka. Tulivunja tisa. Wa kumi tuliutoa ukiwa umenyooka, una madoadoa ya kila rangi, Kavata akapanda juu yake na kurukaruka, yeye na mwili wake mzima, na ubao ukamvumilia. Yadi nzima ikapiga vigelegele. Bi Halima, ambaye sijapata kumwona akicheka meno yakaonekana, alikaa chini akacheka mpaka akashika ubavu.

Kwa mbao za namna ile tuliezekea darasa la chekechea Junda, lililokuwa likivuja hata kila mvua ikawa likizo. Siku ya mvua ya kwanza tulikwenda sote tukasimama nje na miavuli, mioyo juu. Ikanyesha. Mwalimu hakuacha kusomesha. Tena hakulazimika kupaza sauti, kwani mbao hizo hazipigi kelele kama mabati. Tuliwasikia watoto wakihesabu kwa pamoja, moja hadi ishirini, wakavu, na mvua inapiga juu ya vichwa vyao. Kavata alifunga mwavuli wake, akasimama mvuani, analowa na kucheka.

Leo hii yadi ina mashine tatu za namna hiyo. Ukipita kwa mafundi wa Mjambere, fundi akitaka kumsifia mwenzake kwa ukuta ulionyooka au mlango uliokaa sawasawa, humwambia, "Hiyo ni Kikavata!" Vijana wanaolisema hawajui kama liliwahi kuwa tusi. Mimi najua, na kila nikilisikia hugeuza uso nifute macho.

Sasa sikiliza ninachotaka ushike. Paketi zinazozalishwa bado ni nyingi kuliko pasi zetu, na mbao nazo zitachakaa siku moja. Kwa hiyo usinunue kidogo kidogo katika vipaketi kumi kitu unachoweza kupimiwa kwenye chombo chako, na ukija kuwa wewe ndiye mwenye kiwanda, tengeneza paketi ambayo mtu mwingine ataweza kuitengua. Usidharau mkono wa mtu kwa sababu haukushika kalamu. Ukijaribu jambo, jaribu mbele ya watu, likiharibika liharibike mbele yao. Na ukimwona mwenzako anabeba lako, usiiname kukaza parafujo. Sema wakati huohuo. Ukichelewa, sema hata hivyo, na utakapoambiwa urudie kwa sauti, rudia.

Mungu akupe kazi itakayolifanya jina lako litamkwe kwa furaha, akupe masikio ya kusikia kile ambacho wengine wanakitupa, na siku utakapokosea, maana utakosea, akujaalie miguu ya kwenda mchana.