Alama Nilizowanyima Kakuyuni

Siku yangu ya kwanza kituoni Malindi, Mkuu wa Utafiti hakuniuliza kama naijua kompyuta. Aliniuliza kama napiga chapa upesi. Nikasema ndiyo, nikapewa kiti. Miaka ile ya themanini mashine ilikuwa moja, feni moja, na feni ilikuwa ya mashine.

Utafiti wetu ulikuwa wa kuzalisha programu. Hatukuiandikia kompyuta jibu. Tuliiacha itunge programu nyingi ovyo ovyo, kila moja tukaipa alama kwa utendaji wake. Zenye alama nzuri zilichanganywa vipande, huyu baba, huyu mama, zikazaa kizazi kingine. Mbovu zilifutwa. Nyingi zilikuwa upuuzi mtupu, na umeme ukikatika tulianza upya. Nilichoka mapema kuliko nilivyokiri.

Ukaja ukame, tukaombwa kupanga safari za lori la maji. Dereva, Mzee Kazungu, aliandika saa za kufika na kuondoka kila kijiji, nami nikaziingiza. Katika kijiji cha Kakuyuni alikaa mno. Bila kumuuliza, nikauhesabu muda wote ule kuwa ucheleweshaji, wa kukatiwa alama. Programu iliyoshinda ikaiweka Kakuyuni mwisho wa safari, lori lifike na maji kidogo, lisikawie. Mkuu alifurahi sana.

Wiki ya pili Mzee Kazungu aliingia ofisini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo mashine yenu mumeiambia nini kuhusu Kakuyuni?"

"Kwamba unachelewa huko."

"Sichelewi. Kule sifungui mfereji kabla sijaamkuana na wazee, mmoja mmoja, nao waniulize ya nyumbani. Nitampaje maji mtu sijamjulia hali? Jana nimefika na madumu matatu tu. Shangazi yangu wa huko amerudi kuchota silanga, bwawa wanakonywea ng'ombe."

Nilikwenda kwa Mkuu.

"Kompyuta haina upendeleo, Bi Mwanaisha," akasema.

"Haina, bwana. Alama nilizitoa mimi."

"Kuzibadilisha ni kurudia vizazi vyote, na ripoti yangu iko tayari."

"Nitavirudia."

Nikaandika kanuni mpya: muda wa kuamkuana haukati alama, na mpango unaoacha kijiji bila maji unafutwa. Vizazi vilichukua siku nne kupita, na siku zote hizo lori lilifuata mpango wa zamani. Shangazi wa Mzee Kazungu alilazwa kwa kuharisha. Hakurudi nyumbani.

Mzee hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililonielemea. Aliporudi kutoka matangani alipita dirishani kwangu, akaniuliza habari za mama, za watoto, za ndugu zangu Mambrui, bila haraka. Akafanya hivyo kila asubuhi hadi alipostaafu.

Nami nimestaafu sasa, macho yamechoka. Vijana wanaosomea mambo haya huja kuniuliza tulifika kizazi cha ngapi. Sikumbuki. Nakumbuka muda niliouita ucheleweshaji, na kwamba Mzee Kazungu na shangazi yake walikuwa wakiutumia kujuliana hali.