Kikaragosi Kilichoniposea Mchumba

Nyie, kuna kikaragosi cha kitambaa kiliniposea mchumba. Hadharani. Kwa sauti yangu!

Msicheke kwanza. Mimi ni mchekeshaji wa mitaani, natembea juu ya mironjo, ile miguu mirefu ya miti. Mchumba wangu ndiye fundi sauti wa kundi letu. Spika, mixa, jenereta, vyote viko chini ya amri yake, na mimi pia.

Tatizo lilikuwa mama yake.

"Mwanangu hawezi kuolewa na mtu anayeanguka makusudi ili watu wacheke," alisema.

Tukambembeleza weeee, mpaka akakubali kuja kwenye tamasha anione kazini. Akitoka pale, ametoa jibu lake. Mwisho wa habari.

Sasa sisi watu wa barabarani tuna desturi. Asubuhi, kabla ya onyesho, mafundi sauti wa makundi yote hukaa kitako wakagawana chaneli za maiki zisizo na waya. Mkiingiliana tu, imekula kwenu.

Siku hiyo gari letu lilipata pancha njiani. Tukafika wenzetu wameshagawana.

"Tutajua mbele kwa mbele," nikasema. Mdomo wangu huu!

Nikapanda mironjo. Kufungua kinywa tu, spika yetu ikapiga mluzi, watu wakaziba masikio. Fundi wangu akaishusha sauti yote, akanipa ishara: igiza bila maneno.

Nikajua maiki imekufa. Basi nikawa nayumbayumba kule juu huku nanung'unika zangu.

Kutupa jicho ng'ambo ya uwanja, namwona nani? Mama mkwe! Kakaa mstari wa mbele kwenye onyesho la vikaragosi. Kakosea kundi, na keshatulia.

"Makubwa haya," nikanung'unika. "Nimejipaka rangi mpaka kwenye kope kwa ajili yake, yeye kaenda kwa majirani!"

Kule ng'ambo watu wakaangua kicheko. Nikajua ni mambo yao.

"Na huo mwavuli wake! Si mwavuli, hilo ni hema la harusi. Mkoba kaukumbatia utadhani mimi ndiye nimekuja kuuiba."

Kicheko tena. Watu wanajipigapiga mapaja. Wivu ukanishika jamani, mimi hata aliyetabasamu sina.

Kumbe! Maiki yangu ilikuwa nzima kabisa, na chaneli yangu ndiyo hiyohiyo ya watu wa vikaragosi. Spika zao zilielekea upande wa pili, katikati kuna bendi ya matarumbeta, kwa hiyo sikusikia kitu. Mchezesha vikaragosi naye ni msanii. Aliposikia sauti isiyo yake, hakuuliza. Alichukua kikaragosi cha bibi kizee, akawa anakifumbua mdomo kufuatisha maneno yangu.

Mimi sina habari. Naendelea.

"Eti naanguka makusudi. Mama, mimi nilianguka kweli siku nilipomwona binti yako anakunja waya, anauzungusha taratibu kama anambembeleza mtoto. Mpaka leo sijainuka. Ukininyima, nitaishi, lakini sijui nitamchekesha nani."

Ng'ambo watu wakasimama. Kisha makofi, yakazima hata matarumbeta.

Onyesho likaisha. Mama akaja, mwavuli mkononi. Nikashuka mbio, nusura nivunjike shingo.

"Shikamoo mama."

Akasimama ghafla. Akanikazia macho.

"Hebu rudia."

"Shi... shikamoo mama."

"Sauti ni hii hii!" Akamgeukia binti yake. "Yule bibi wa kitambaa alikuwa huyu?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Hema la harusi! Mkoba! Nikatamani ardhi inimeze na mironjo yangu.

Mama akacheka mpaka akanishika bega asianguke.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Walete wazee wako Jumamosi."

Mwanangu! Nililia, na rangi yote ya usoni ikachuruzika mpaka shingoni.

Tulipokuwa tunapakia spika nikamlalamikia mchumba wangu.

"Nawe fundi gani? Hukugundua tumeingiliana chaneli?"

"Niligundua. Ulipotaja mwavuli tu. Nilikuwa nakusikia kwenye hedifoni, na kule ng'ambo wakacheka papo hapo."

"Eh! Na ukaniacha?"

Akaendelea kukunja waya wake.

"Nilinyanyua mkono nikupe ishara uzime. Nikamwona mama anajifuta machozi kwa kucheka. Tangu tumzike baba sijamwona hivyo. Nikaushusha mkono."

Nikashika ncha ya pili ya waya, tukaukunja pamoja.

Haya, wasanii wenzangu: fikeni mapema mgawane chaneli. Na ninyi wengine, ukiwa na neno jema kwa mtu, mwambie. Usingoje mpaka udhani maiki imekufa.