Baba Alipoanguka kutoka Kwenye Lori

Juzi mjini Kasulu nilimwona dereva akifunga turubai juu ya magunia ya maharage, mvua ikikaribia. Nilisimama nikimtazama mpaka aliposhuka salama.

Mchana mmoja nilipokuwa mtoto, baba yangu naye alikuwa juu ya shehena, lori likiwa uani kwetu Kumsenga. Kulinukia dizeli na vumbi lililoanza kulowa. Kamba aliyokuwa akiivuta ilikatika, akaanguka chali. Mimi nilizoea kumwona akiruka kutoka kwenye kabini ili anichekeshe, kwa hiyo nilipiga makofi.

"Rudia, baba!"

Alinitazama, akatabasamu. "Ngoja kwanza, mwanangu. Kamwite mama. Mwambie asikimbie."

Nilidhani ni mchezo, nikaenda kwa kunyata. Sasa najua kwamba hakuwa akiisikia tena miguu yake, na hakuwahi kutembea tena. Wakati ule niliona tu baba amelala, anatabasamu.

Mama alipofika aliinama, akamgusa, kisha akanituma maji kwa jirani.

"Nenda, mama," baba akaniambia mimi binti yake kwa upole.

Nilipofika kwenye migomba, ambako alijua simwoni tena, ndipo nikamsikia akipiga kelele.